Valvu Iliyokuwa Chini ya Jukwaa

Siku ile alikuwepo mwenyekiti wetu wa mtaa, Hamisi, amevaa koti la harusi yake kwa sababu alijua kikao kitakuwa kikali. Alikuwepo mtendaji, Bi Rehema, na lile daftari la mihtasari lenye jalada gumu. Alikuwepo mhandisi kijana kutoka ofisi ya maji, ambaye alisimama muda wote kwa kuwa kiti alichopewa kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Alikuwepo Mama Shila wa Mlimani, mstari wa mbele kabisa, na ndoo tupu mapajani. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Yohana fundi baiskeli na Paulina mwalimu, wamekaa mbali mbali ili isionekane wamekuja kunitetea. Walikuwepo watu wa Mlimani karibu wote, na watu wa Bondeni wachache, maana wao maji walikuwa nayo na mwenye maji hana haraka ya kwenda mkutanoni. Na nilikuwepo mimi, Salome, mfungua valvu, nimesimama mbele ya jukwaa na mtaimbo mkononi. Kama kuna niliyemwacha, anisamehe. Siku ile sikuwa naangalia nyuso sana.

Kilichokuwa kinajadiliwa kilikuwa kimoja: kwa nini Mlimani hakuna maji, na kama mimi ninastahili kuendelea kushika spana. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa chini ya meza kuu, kwenye zege, na nilikuwa nimelifukia mwenyewe.

Nyinyi mnaoshika spana sasa mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Mimi niliacha shule darasa la sita, ripoti sijui kuziandika. Nitaandika kama ninavyofungua valvu, polepole, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Ukifungua kwa pupa bomba linapasuka, na anayepasukiwa sikuzote ni yule ambaye hakuhusika.

Baba alitangulia, mama akafuata kabla mtama haujakomaa. Nilibaki na Yohana na Paulina, na shangazi aliyesema atakuja kuchukua kila kitu mikononi mwake. Akaja, akachukua mbuzi. Sisi tukabaki kwenye nyumba yetu Mlimani, pembeni mwa mji wa Singida, pale ambapo mawe ni makubwa kuliko nyumba na upepo unakuondolea kilemba hata ukiwa kanisani. Nikawa kibarua. Nilibeba mchanga, nilifyeka njia, nilipiga matofali. Kila kazi ya mtaa iliyotaka mgongo, walikuwa wakisema, "Mwiteni yule binti mkubwa."

Ndivyo nilivyoitwa siku za maandalizi ya mgeni.

Mnajua mtaa unavyokuwa mgeni rasmi akitarajiwa. Mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa. Mzee akikaa mahali pamoja kwa muda mrefu anaondoka na chokaa mgongoni. Uwanja wetu wa mikutano ulikuwa mbaya, una mashimo, na shimo moja lilikuwa palepale ambapo kamati ilitaka kujenga jukwaa la zege la kumsimamisha mgeni. Lilikuwa shimo la mraba, limejengewa kwa matofali, mfuniko wake ulikwisha kuibwa siku nyingi, na watu walikuwa wakitupia humo maganda ya miwa na viatu vibovu. Mwenyekiti wa wakati ule akaniambia, "Binti, hilo shimo lisionekane." Nikatafuta jiwe bapa, nikalifunika, nikashindilia udongo kwa miguu yangu mwenyewe. Kesho yake mafundi wakamwaga zege. Nilijisifu sana. Jukwaa lilitoka zuri, limenyooka, wala halina ufa hata leo. Nilitaka kusema hata leo, lakini leo lina shimo katikati.

Mgeni mwenyewe hakusimama. Msafara ulichelewa huko ulikotoka, ukapita kwa kasi, mkono mmoja ukatupungia kutoka dirishani, na vumbi likatulia juu ya chokaa. Tulicheza ngoma hivyohivyo, maana wacheza ngoma walikwisha kula.

Muda si mrefu baada ya hapo nikapata kazi ya maji. Mfungua valvu wa eneo letu alikuwa Mzee Mkumbo, mtu mrefu, mkavu, mwenye fimbo ya mninga aliyoitumia kusikiliza mabomba. Kabla ya maandalizi yale ya mgeni alikuwa amevunjika mguu akishuka kwenye mawe ya Mlimani, akalazwa majuma mengi, na alipotoka alitoka na magongo. Mguu haukuweza tena kupanda. Akasema anakwenda kwao Rungwa kufuga nyuki, kwa kuwa nyuki humfuata mtu mwenyewe. Kabla ya kuondoka alitakiwa kumfundisha mtu. Akamkataa kijana wa kwanza kwa kuwa alikuwa na haraka, akamkataa wa pili kwa kuwa alikuwa na usingizi. Mimi alinikuta nasomba mchanga nikihesabu ndoo kwa sauti.

"Unahesabu kwa nini?" akaniuliza.

"Shikamoo, mzee. Nahesabu ili wasinidhulumu."

"Marahaba. Utanifaa."

Alinifundisha kwa siku tisa. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa fimbo ile, ncha moja kwenye bomba, ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akaniambia nisikilize mpaka nimwambie nasikia nini. Nilisikia moyo wangu. Akasema, "Vizuri. Sasa subiri uchoke, utasikia maji." Kweli, nilipochoka nikayasikia: maji yanayokwenda husema sawasawa, kama mtu anayepepeta, na maji yanayovuja hupiga mluzi mwembamba. Mpaka leo naweza kusimama barabarani nikakuonyesha ulipo uvujaji bila kukosea zaidi ya hatua tatu, ingawa nyinyi mnazo mashine, nimeziona, zina taa nzuri.

Alinifundisha kuhesabu mizunguko. Valvu ya Bondeni ilikuwa na mizunguko kumi na minne, ya Sokoni kumi na minane. Fungua mpaka mwisho, kisha rudisha nusu, ili isigande. Hesabu kwa sauti, na hesabu kwa lugha ya kwenu, kwa maana hesabu ya mama haisahauliki hata mtu akikusemesha. Nilihesabu kwa Kinyaturu miaka yote ya kazi. Watu wengine walidhani naomba.

Kabla ya kuingiza mkono kwenye chemba ya valvu, gonga. Nyoka naye anapenda ubaridi. Usiogope nyoka, ogopa aibu, kwa sababu ukiruka mbele ya wachota maji hutaheshimiwa tena mtaa huo.

Siku ya tisa, akiwa amekaa kwenye jiwe na magongo yake, aliniambia, "Zipo mbili za kushughulika nazo. Nyingine haziguswi, ziko wazi siku zote. Utazijua."

Mimi sikuuliza nyingine ni ngapi, wala ziko wapi. Nilikuwa binti niliyeacha shule, nimepewa kazi waliyoitaka wanaume wawili, na niliogopa akisikia naulizauliza atasema sikuelewa. Nikaitikia, "Nimeelewa, mzee." Hayo maneno mawili ndiyo yaliyonigharimu, na yaliwagharimu wengine zaidi. Ukiwa mgeni kazini, una majuma machache ambayo kila swali linaruhusiwa. Yatumie mpaka yaishe. Baada ya hapo utaona haya, na haya haifungui bomba.

Basi nikaanza. Baiskeli ya Mzee Mkumbo ilikuwa ndefu kwangu, Yohana akaishusha kiti, na hapo ndipo alipoanza ufundi wake. Spana ya T niliifunga kwenye mtalimbo wa baiskeli kwa mpira. Wanaume wa kijiweni wakawa wananitania kila asubuhi.

"Haya, mwanamke anakwenda kutufungia maji!"

"Ninakwenda kuwafungulia," ninawajibu. "Kama mnataka kufungiwa, semeni."

Baada ya mwaka jina la Salome likapotea. Nikawa Mama Valvu, kabla hata sijawa mama wa mtu, ingawa wadogo zangu wangesema nilikwisha kuwa.

Bondeni maji yalifika. Sokoni yalifika. Mlimani yalidondoka. Alfajiri kilula cha Mlimani, bomba la kuchotea lililokuwa jipya na ambalo hatukuwahi kuliona likitoa maji ya nguvu, kilitoa uzi mwembamba kama mate ya mtoto, ndoo moja kwa muda wa kupika uji, na jua likipanda kinakauka. Nilifungua valvu zangu mbili mpaka mwisho, nikarudisha nusu, nikasikiliza kwa fimbo, sikuona kosa. Wataalamu walikuja mara kadhaa. Walitazama mlima, wakatazama tangi lililoko upande wa pili, wakasema msukumo hautoshi, inatakiwa pampu, na pampu itaombewa. Mimi nikawa naurudia usemi wao. Watu wakiniuliza nawaambia, "Maji hayapandi mlima." Niliusema kwa uhakika mkubwa sana. Nimeona kwamba jambo ambalo mtu halijui ndilo husemwa kwa maneno machache.

Na hapo naingia kwenye mikutano.

Mfungua valvu ni mtumishi, lakini pia ni mkazi. Anakaa kwenye benchi pamoja na wenzake, kisha anaitwa mbele ajibu, kisha anarudi kwenye benchi kati ya watu waliomzomea. Mkutano wa mtaa una kufungua, una kusoma muhtasari, una yatokanayo, una taarifa, una mengineyo. Miaka yote ile yatokanayo ya kwanza ilikuwa "Maji ya Mlimani." Watendaji walibadilika, wenyeviti walibadilika, maneno hayo hayakubadilika. Bi Rehema alipokuja alikuwa akiandika "kama kikao kilichopita" na kuweka nukta.

Mama Shila alisubiri mengineyo. Nyumba yake iko mwisho kabisa, nyuma ya jiwe kubwa, hatua mia tatu kutoka kwenye kilula. Alikuwa akisimama, anajifunga khanga vizuri, halafu anaanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sina elimu. Nauliza tu. Huyu Mama Valvu anafungua nini?"

Watu wanacheka.

"Maana mimi mbuzi wangu nikimfungulia anatoka. Yeye anafungua kila siku na hakuna kinachotoka."

"Maji hayapandi mlima, mama," najibu.

"Na wewe unakaa wapi?"

"Mlimani."

"Basi angalau hujipendelei hata wewe mwenyewe. Liandikeni hilo, ni la haki."

Kweli, hilo ndilo lililoniokoa na maneno mabaya. Hakuna aliyeweza kusema nauza maji ya Mlimani, kwa maana Paulina, mdogo wangu, alibeba ndoo kutoka Bondeni kabla ya shule na baada ya shule mpaka akawa mwalimu wa shule hiyohiyo. Alama ya kata, ile ya kukalishia ndoo, ipo kichwani kwake mpaka leo, nywele zimeota zikilala. Na mikutano yote hiyo ilifanyika uwanjani. Mwenyekiti na meza yake walikuwa juu ya jukwaa, mimi nimeitwa mbele, nimesimama hatua mbili kutoka kwenye jibu, nawaambia watu maji hayapandi mlima.

Nisieleze miaka yote, mingi ilifanana. Nawaambia tu kwamba nilipenda kazi. Nilipenda saa ile ya alfajiri bomba linapoanza kukohoa, maana hewa hutangulia, kisha linatema kutu, kisha maji safi yanafika na wanawake wa Sokoni wanaitana. Nilipenda kwenda mjini kununua katani na grisi kwenye duka la Mzee Karim, ambaye babu yake alifungua duka lile kabla ya barabara ya lami. Alinifundisha kuzungusha katani kwenye nyuzi za bomba kwa upande unaofuata mkono, na kila mara alisema, "Mama Valvu, kaza kama mtu mwenye adabu, usikaze kama mtu mwenye hasira." Yohana akaoa, Paulina akasoma. Nami magoti yakaanza kusikika kuliko bomba.

Ilipobaki miezi michache nistaafu, nikasema siwezi kuikabidhi fimbo ya Mzee Mkumbo kwa mtu mwingine kabla sijamsalimia mwenyewe. Nikapanda basi mpaka Itigi, nikalala, nikapanda lingine mpaka Rungwa. Nilimkuta amezeeka hadi amekuwa mfupi, amekaa nje anasafisha nta, nyuki wanamtembea mikononi kama wanamtafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?" Akaiona fimbo. "Aa! Yule wa kuhesabu!"

Tulikunywa uji wenye asali, tukazungumza habari za mabomba. Aliuliza bomba moja moja kama mtu anavyouliza hali ya ndugu. Halafu akasema, "Na grisi? Valvu zote tatu unazitia grisi?"

"Mbili, mzee."

"Tatu."

"Bondeni na Sokoni."

"Na ya Mlimani, pale uwanjani. Chemba ya matofali. Ile haiguswi, iko wazi siku zo..." Akashika mguu wake ule mbovu. "Hapana," akasema taratibu. "Haiko wazi. Niliifunga mimi. Bomba lilikuwa limepasuka juu, nikafunga, nikaacha kidogo tu ili lisikauke, nikapanda kwenda kuziba. Nimeziba. Nikashuka. Ndipo nikaanguka."

Akaiweka nta chini.

"Mlimani wanapata maji?" akauliza.

"Mzee," nikasema, "chemba ile nimeifukia mimi. Juu yake kuna jukwaa."

Aliinama. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka nyuki wakaruka. "Na mikutano wanafanyia wapi?"

"Juu yake."

"Wanazungumza nini?"

"Maji ya Mlimani."

Akashindwa kabisa kuvuta pumzi, mke wake akatoka na kata ya maji kumpa. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi, na machozi yalipokuja hayakusimama, kwa sababu nilianza kumwona Paulina na ndoo yake. Mzee Mkumbo akaacha kucheka. Akasema, "Mwanangu, kosa hili tumelifanya wawili. Lakini mwenye miguu ni wewe. Nenda ukaseme."

Nyumbani niliwaambia wadogo zangu kwanza. Yohana akasema twende alfajiri na tindo, tuvunje, tufungue, tufukie, maji yakija watu watamshukuru Mungu na Mungu hatatutaja. Paulina aliweka mkono kichwani, pale penye alama.

"Dada," akasema mwishowe, "ndoo zangu zote zile?"

"Zote."

"Umebakiza miezi. Ukinyamaza, wakija wengine wataigundua wenyewe."

"Na Mama Shila abebe mpaka lini?"

Akasimama, akanimiminia uji kwenye bakuli kwa hasira, akauweka mbele yangu. "Basi kula. Huwezi kuzomewa ukiwa na njaa."

Nikaenda kwa mwenyekiti Hamisi. Alisikiliza, akavua kofia, akaivaa. Shida yake haikuwa mimi. "Jukwaa ni mali ya umma, Mama Valvu. Siwezi kulivunja kwa maneno ya mtu mmoja. Wataniambia nimevunja mimi. Hili ni la mkutano, na mkutano ni akidi." Vikao viwili vilivyopita vilikuwa vimeahirishwa kwa kukosa akidi. Basi nilichukua baiskeli, nikapita nyumba kwa nyumba, Mlimani na Bondeni, nikiwaomba watu waje kunisikiliza. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyehangaika namna ile kukusanya watu wa kumzomea. Mama Shila aliniuliza mlangoni, "Kuna nini kipya?" Nikamwambia, "Njoo na ndoo."

Ndiyo siku ile niliyoanza nayo. Bi Rehema alisoma yatokanayo, akafika "kama kikao kilichopita," nami nikanyoosha mkono nikasema safari hii si kama kikao kilichopita. Nikasema yote. Shimo, jiwe bapa, miguu yangu iliyoshindilia, swali ambalo sikuuliza, Rungwa. Sikumtanguliza Mzee Mkumbo, nilijitanguliza mimi. Nilipomaliza, upepo ulisikika ukipeperusha kona ya koti la mwenyekiti.

Mhandisi kijana akakohoa. "Kitaalamu," akasema, "tofauti ya kimo inaonyesha msukumo hautoshi."

Mama Shila akasimama, ndoo mkononi. "Baba, kitaalamu kaa chini."

"Kiti hakikaliki, mama."

Uwanja mzima ukacheka, na kicheko kile kilinipa pumzi. Mama Shila hakucheka. Alinigeukia. "Salome." Hajawahi kuniita hivyo. "Una hakika?"

"Mzee Mkumbo ana hakika. Nami nina hakika na mahali nilipoweka jiwe."

"Ukivunja na pasiwe na kitu?"

"Spana naiacha hapahapa, leo."

Akageuka kwa mwenyekiti. "Piga kura."

Mikono ikapanda, hata ya watu wa Bondeni. Hamisi akahesabu mara mbili, akashuka jukwaani na meza yake, akavua lile koti na kulikunja vizuri, halafu akasema, "Aliyefukia ndiye afukue."

Nilipiga mtaimbo mpaka mikono ikafa ganzi. Yohana akapokea, kisha mwanaume mmoja wa kijiweni, kisha Hamisi mwenyewe. Zege lilikuwa zuri mno, na kila mtu alinilaumu kwa uzuri wake ingawa sikulimwaga mimi. Jiwe bapa likaonekana. Tukalinyanyua. Chini yake kulikuwa na viatu vibovu, maganda yaliyogeuka udongo, na chini ya hayo yote, kichwa cha valvu, chekundu kwa kutu.

Nikagonga kwanza. Desturi ni desturi. Nikaishukia, nikaikwangua, nikaipaka grisi, nikasubiri iingie, maana kutu hailazimishwi. Watu walisubiri kama wanasubiri mtoto azaliwe. Nikaingiza spana, nikaegemea. Haikutikisika. Nikairudisha kidogo upande wa kufunga, kama nilivyofundishwa, halafu upande wa kufungua. Ikalia. Ikaenda. Nikahesabu moja kwa Kinyaturu, na nyuma yangu kikongwe mmoja akaitikia hesabu, na wengine wakafuata, hata wasiojua lugha. Mzunguko wa sita, bomba likakohoa chini ya miguu yetu. Nikaweka fimbo sikioni. Nikasikia mtu anapepeta.

"Yanapanda," nikasema.

Hakuna aliyesubiri kikao kifungwe. Mlima wote ulipandwa kwa mbio, khanga na kofia na watoto, Mama Shila mbele na ndoo yake, mhandisi nyuma yake, Bi Rehema na daftari akipiga kelele, "Kikao hakijafungwa! Kikao kinaendelea!" Mimi nilibaki kumalizia mizunguko, kumi na sita, nikarudisha nusu. Nilipofika juu magoti yakiwaka, kilula kilikuwa kinatema rangi ya chai, kisha ya mchanga, kisha kikatoa maji meupe ya nguvu, ndoo ikajaa kabla mwenyewe hajamaliza kusema bismillahi. Vigelegele vilisikika Bondeni. Paulina alisimama chini ya bomba na nguo zake za kazini, maji yakampiga kichwani. Mhandisi alikuwa anaandika kitu, anafuta, anaandika tena.

Na kikao kiliendelea kweli, palepale kwenye kilula, watu wamelowa. Bi Rehema akasema akidi ipo na imebaki mengineyo. Nikaomba mkutano uniambie nilipe nini. Mmoja akasema dume la mbuzi. Mwingine akasema ng'ombe, kisha akajificha nyuma ya mkewe.

Mama Shila akakamua khanga yake. "Mbuzi tutamla leo. Kesho mimi bado niko nyuma ya jiwe, na ninabeba hatua mia tatu. Ofisi ya maji inasema mabomba itatoa wakazi wakichimba mtaro. Achimbe yeye."

"Peke yake?" Hamisi akauliza.

"Alifukia peke yake."

"Kwa kipimo gani?" akauliza Bi Rehema, kalamu tayari.

"Hatua zangu. Nimezipiga mimi miaka yote, ninazijua."

Mkutano ukakubali. Imo kwenye muhtasari, mstari mmoja, na Bi Rehema hakuandika "kama kikao kilichopita." Mzee Mkumbo alipopata habari alituma dumu la asali na salamu kwamba mia na hamsini ni zake, nimchimbie.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Hotuba zilikuwepo, sikuzisikiliza. Tangu hapo kila asubuhi, baada ya uji, nachukua sururu na chepe napanda. Watu hutaka kunisaidia, nawakatalia, wakae tu tuzungumze. Mama Shila huniletea chai, anakaa kwenye jiwe, ananiambia mtaro umepinda. Ninyi mnaopita na baiskeli mnanipungia, nami nawauliza mmegonga kabla ya kuingiza mkono, mnajibu ndiyo, na sauti zenu zinaonyesha hapana.

Jana jioni alikuja kupima. Mama Shila ana miguu mifupi, na mwaka huu hatua zake zimezidi kupungua urefu. Nilimwambia hivyo, akasema muhtasari haukutaja urefu. Tukahesabu pamoja. Zimebaki arobaini na moja, na kumi za kwanza ni mwamba.